Kukaa Kikwajuni na kujipikia: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nyumba yetu iko Kikwajuni, mjini Unguja. Chini anakaa mama yangu, juu tunapangisha wageni kwa siku au kwa wiki: vyumba viwili vya kulala, ukumbi, jiko, choo na bafu, na kibaraza cha nyuma chenye kamba za kuanikia nguo. Wengi wanaokuja ni familia kutoka Bara na Mombasa, na Wazanzibari wanaoishi nje ambao nyumba zao za urithi zimejaa watu. Karibu wote hutuuliza mambo yale yale, na kwenye simu majibu huwa mafupi mno. Hapa nimeyajibu kwa nafasi. Yasome kabla hujalipa, maana hii si hoteli, na hatutaki mtu aje akidhani ni hoteli.

Kikwajuni ni wapi? Ndiyo Mji Mkongwe?

Hapana. Kuna watu hutangaza nyumba za huku kwa jina la Mji Mkongwe ili wapate wageni. Sisi hatufanyi hivyo. Kikwajuni ni Ng'ambo, na jina hilo lina sababu yake. Zamani Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa. Mkono wa bahari ulipita nyuma yake, ukijaa na kukauka kwa maji kujaa na maji kutoka, na waliokaa upande wa pili wakawa watu wa ng'ambo. Ndiyo maana soko kubwa linaitwa Darajani ingawa leo utalitafuta daraja usilione. Mkono ule ulifukiwa, na hapo sasa inapita Barabara ya Benjamin Mkapa.

Kutoka kwetu hadi Darajani ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu, usio wa haraka. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu, na uwanja wa Mao Zedong uko papa hapa Kikwajuni, kwa hiyo jioni ya mechi utajua nani kafunga kabla hujauliza. Majumba marefu utakayoyaona Michenzani, yale yanayokwenda kama behewa nyuma ya behewa, yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kikwajuni na Kilimani nako yapo majumba ya mkono ule ule. Yetu ni nyumba ya familia ya ghorofa moja, aliyoijenga marehemu baba kidogo kidogo.

Tunafikaje kutoka bandarini au uwanja wa ndege?

Ukiwa bado ndani ya boti, tupigie. Hatuna namba ya nyumba wala jina la njia ambalo dereva atalijua. Hapa mtu huelekezwa kwa msikiti, kwa duka na kwa mwembe. Kijana wetu atakungoja njia kubwa na kuchukua mizigo, kwa sababu gari haiingii mpaka mlangoni. Teksi za bandarini ziko nyingi, patana bei kabla ya kupanda. Kutoka uwanja wa ndege waweza kupanda daladala ya 505 kama mizigo yako ni ya mkononi. Ukiwa na masanduku na watoto, chukua teksi, usijitese.

Kwa nini mnataka nakala ya kitambulisho cha kila mtu?

Kwa ajili ya sheha. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala la mtaa, ina sheha wake anayeisimamia, naye ana haki ya kujua nani kalala katika eneo lake. Mgeni akifika tunampelekea jina, anakotoka na siku atakazokaa. Wageni wengine huona kama wanachunguzwa. Si hivyo. Siku mtoto wa mgeni wetu alipopotea kwenye msongamano wa sikukuu pale Mnazi Mmoja, sheha ndiye aliyepiga simu mbili tatu, na kabla ya magharibi mtoto akawa amerudi, miguu imejaa vumbi na embe mkononi. Angekuwa hamjui yule mtoto ni wa nani, angeanzia wapi?

Kama huna pasi ya Tanzania na unakuja kutembea, kumbuka pia bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Ilianza kutakiwa tarehe 1 Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Inunue kabla hujasafiri.

Maji yapo saa zote?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa urefu kuliko yote, na ninakuomba ulisome mpaka mwisho.

Maji ya mfereji, yaani ya bomba, hayaji saa zote. Mtaani kwetu huja kwa zamu, mara nyingi usiku, na saa zake hubadilika. Yakija huingia kwenye tangi la chini uani, kisha pampu huyapandisha kwenye tangi la juu la lita 1,000, na hilo ndilo linalokuletea maji jikoni na bafuni. Pampu inataka umeme. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa na maji chini na usiwe nayo juu, umeme ukikatika. Kwa hiyo bafuni kuna pipa lenye kifuniko na kata, na pipa hilo halitakiwi kuwa tupu hata siku moja. Ukiteka, jaza.

Lita 1,000 ni nyingi kwa watu wanne wanaooga kwa kiasi. Kwa watu wanne wanaoacha bafu likimwagika huku wanajipaka sabuni, hazifiki jioni. Sisemi haya kwa uchoyo. Tangi likikauka, kijana wetu hubeba ndoo kutoka chini, ngazi kumi na nane, na ukishamwona mara moja hutaacha tena maji yakimwagika bure.

Sasa jambo kubwa. Ukifungua mfereji ukakuta hakuna maji, ufunge. Miaka michache nyuma tulikuwa na familia moja, watu wazuri sana. Mama wa watoto alifungua bafu jioni, halikutoa kitu, akaliacha hivyo hivyo wakaenda kula Forodhani. Maji yakaja, pampu ikawashwa, na taulo lilikuwa limeanguka juu ya tundu la kutolea maji. Waliporudi, maji yalikuwa yameshapita sakafuni na kushuka chumbani kwa mama yangu, juu ya kitanda na juu ya kasha lenye karatasi za marehemu baba. Tulizianika siku tatu juu ya mkeka. Nyingine zilisomeka, nyingine hazikusomeka tena. Yule dada alilia kuliko sisi. Hakukusudia, na hatukumdai. Lakini tangu siku ile, mgeni akifika, kabla hajaonyeshwa kitanda naonyesha mifereji yote mitano na namna ya kuifunga.

Utajua maji yanakuja kwa kusikia. Mfereji wa uani unakohoa kwanza, unatoa pumzi ndefu, halafu matone yenye rangi ya kutu, halafu maji meupe kwa hewa, ndipo yanapotulia na kuwa maji. Yale ya mwanzo usikinge.

Ya kunywa nunua dukani, au chemsha. Birika na mtungi wa udongo vipo. Maji yaliyolala mtungini yana ubaridi ambao friji haiujui.

Na umeme?

Tunatumia mita ya TUKUZA, yaani unalipa kwanza ndipo unatumia. Iko nyuma ya mlango wa ngazi. Tunakuachia yuniti 20 za kuanzia. Zikiisha unanunua mwenyewe kwa simu au kwa wakala wa njiani, unapata namba ya tarakimu 20, unaibonyeza polepole. Ukikosea moja, anza upya. Asiyewasha kiyoyozi zitamtosha siku kadhaa. Anayekiwasha mchana kutwa madirisha yakiwa wazi atakuwa mgeni wa wakala kila asubuhi.

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Hitilafu ilipotokea kwenye njia hiyo Disemba 2009, kisiwa kilikaa gizani mpaka Machi 2010. Mama yangu hajaisahau miezi ile, na ndiyo sababu jikoni kwako utakuta kandili, kiberiti, na seredani (jiko la makaa) na gunia dogo la makaa, hata kama jiko la gesi linafanya kazi. Usiviondoe mahali pake. Siku hizi ukikatika ni saa moja, saa mbili. Kandili lakini liwe na mafuta.

Jikoni kuna nini?

Jiko la gesi la mafiga mawili na mtungi wa kilo 15. Ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi, si kwenye jiko peke yake. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe taa wala feni: fungua madirisha, shuka chini, mwite mama.

Friji ndogo. Sufuria tano za ukubwa mbalimbali, kikaango, chuma cha chapati, miko, upawa, kinu na mchi, sinia mbili kubwa kwa wanaopenda kula pamoja, chano cha kuchambulia mchele, chupa ya chai, vikombe, vijiko. Visu viwili ni vikali kweli. Vimewekwa juu kwa ajili ya watoto.

Na mbuzi. Kila mara nikiandika mbuzi kwenye orodha kuna mgeni huuliza kama tunafuga. Ni mbuzi ya kukunia nazi, ya mbao, ya kukunja, yenye ulimi wa chuma wenye meno. Ni ya bibi yangu, na mbao yake imebonyea pale alipokuwa akikaa. Kama hujawahi kuitumia, nitakwambia alivyotufundisha yeye. Kaa juu yake ubavu ubavu, bakuli liwe chini ya ulimi. Nusu ya nazi ishike kwa mikono miwili, uizungushe kidogo kidogo, anza ukingoni uende katikati. Ukianza kuona rangi ya kahawia, simama. Ukikuna mpaka kifuu, tui litaingia weusi na mchuzi utakuwa na ladha ya mti. Tia maji ya vuguvugu kidogo tu, kamua, hilo ndilo kasimile, liweke pembeni. Tia maji mara ya pili, kamua tena. Pikia hilo jepesi kwanza, na kasimile litie mwisho moto ukiwa mdogo, ukikoroga upande mmoja lisikatike. Kama hili halikuvutii, maduka yanauza tui la paketi, wala hatutakutazama vibaya. Ila ikiwa una siku tano hapa, jaribu hata siku moja.

Mafuta, chumvi, sukari na majani ya chai vipo vya kuanzia. Viungo hatuweki, kwa sababu ukivinunua sokoni mwenyewe utavipata vikiwa na harufu yake.

Tununue wapi vitu vya kupika?

Vya haraka, mtaani. Duka la pembeni lina mchele, unga, mayai, sabuni na vocha. Asubuhi mapema jirani wa mlango wa tatu anauza vitumbua na maandazi, saa mbili vimekwisha. Boflo za moto, mikate ya ngano, hupita na kijana wa baiskeli, utasikia honi.

Kwa samaki na mboga nenda Darajani. Soko lile lina umri, jengo lake la zamani ni la 1904. Nenda ukiwa umevaa viatu usivyovionea huruma. Samaki mtazame jicho kabla ya bei: liwe limetuna na linang'aa, mashavu yawe mekundu ndani, na ukimbonyeza nyama irudi. Changu ni wa kukaanga na wa mchuzi, jodari ana minofu mingi na ni rahisi kwa wenye watoto kwa sababu ya miiba michache, nguru ni mtamu ukimpaka na kumchoma, na pweza anataka subira. Vijana wa pale watakupara na kukukatia kwa malipo kidogo, waambie mapema kama unataka kichwa. Watu wengi wa Bara huwaachia vichwa. Kichwa cha changu kwenye mchuzi wa ukwaju ndicho mama yangu anachogombania mpaka leo.

Asiyependa msongamano wa Darajani apande daladala mpaka soko la Mwanakwerekwe.

Beba kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar miaka mingi kabla ya Bara, ambako marufuku ilianza Juni 2019. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna vikapu viwili vya ukili, vitumie, virudi.

Nikienda sokoni nitaelewana nao? Kiswahili changu ni cha Bara.

Utaelewana, na watakufurahia. Ila maneno machache yatakusaidia. Nyanya kwetu ni tungule. Viazi mviringo ni mbatata. Kitunguu saumu ni thomu. Majani ya giligilani ni kotmiri. Mkate wa ngano wa kuokwa, boflo. Bomba la maji ndilo huo mfereji niliouandika mara kumi hapo juu. Kuna mgeni wa Mwanza alidhani ninamzungumzia mtaro wa nje, na akaniuliza mtaro unafungwaje.

Bei zinapatanwa, lakini salamu hutangulia. Ukimfikia mama wa mboga na kusema "hii shilingi ngapi?" bila hata habari za asubuhi, atakujibu, na fungu atakalokupa halitakuwa lile la juu.

Kama siku nyingine hatutaki kupika?

Mjini chakula hakikosi. Urojo jioni, Forodhani usiku, na migahawa ya biriani na pilau Ng'ambo yote. Mama yangu pia hupikia wageni kwa kuagizwa siku moja kabla, si zaidi ya mara moja kwa wiki, afya yake haimruhusu kama zamani. Ukimwambia unataka muhogo wa nazi kwa papa, atakuwa ameshinda siku hiyo amefurahi.

Mimi na mchumba wangu hatujafunga ndoa. Mnatupokea?

Nasema wazi ili usisafiri bure: hapana, si kwa kukaa pamoja chumba kimoja. Chini yenu anakaa mama yangu, na ukuta kwa ukuta kuna familia mbili zenye mabinti. Tunapokea wanandoa, familia, ndugu, marafiki wa kike wakija pamoja au wa kiume wakija pamoja. Najua tunapoteza wageni kwa hili, na wengine ni watu wema kabisa.

Pombe tunaomba isiletwe nyumbani. Wageni wenu wa mchana wanakaribishwa, wakiwa wa kulala tuelezeni kwanza, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya sheha.

Tuvae vipi mtaani?

Ndani vaa upendavyo. Nje, mabega na magoti yafunikwe, wanawake na wanaume. Nguo za ufukweni ni za ufukweni. Kanga mbili ziko kabatini kwa atakayehitaji.

Mkipita barazani wamekaa wazee, salimieni. "Asalamu alaikum" inatosha, na kijana huamkia "shikamoo". Hutakiwi kusimama, hutakiwi kueleza unakokwenda, ingawa pengine mtaulizwa. Wale wazee ndio walinzi wa mtaa huu kuliko kufuli lolote. Na mkienda mlangoni kwa mtu, hodi tatu. Pakiwa kimya, rudi. Usichungulie uani, wanawake huwa vichwa wazi kwao. Kwa sababu hiyo hiyo, kutoka kibaraza cha nyuma piga picha ya mapaa na ya bahari kwa mbali, usipige ya uani kwa watu.

Kuna kelele?

Zipo. Adhana ya alfajiri itakuamsha siku mbili za mwanzo. Majogoo, watoto wa chuo cha Kurani wakisoma kwa pamoja, muuza kahawa akigonganisha vikombe. Ijumaa mchana, kinyume chake: kuanzia saa sita na nusu mtaa wote unanyamaza, maduka yanafungwa kwa sala, na usipange kufika wala kuondoka saa hiyo.

Tukija Ramadhani itakuwaje?

Njoo, ila ujue unachokijia. Mchana hakuna anayekula wala kunywa wala kuvuta sigara hadharani, na hilo linamhusu mgeni hata kama si Mwislamu. Migahawa mingi ya mtaani inafungwa. Ndiyo faida ya kuwa na jiko lako: watoto, wagonjwa na wasiofunga wanakula ndani, madirisha ya mbele yakiwa yamefungwa kidogo ili harufu isimfikie aliyefunga.

Lakini jioni! Kuanzia alasiri mtaa unanukia tambi, kunde, majimbi, muhogo na shelisheli, na Darajani watu wanapigania mikate ya ajemi. Adhana ya magharibi ikitoka, njia zinakuwa tupu kabisa kwa dakika kumi na tano, kimya ambacho hutakisikia mwezi mwingine. Kisha tarawehe, kisha watu wanatembeleana hadi usiku mkubwa, na karibu na daku wapiga ngoma wanapita kuamsha. Usije kwa kutaka kulala mapema. Nafasi za siku za Idi hujaa mapema sana, kwa hiyo tuambie miezi miwili kabla.

Ikitokea harusi au msiba jirani tukiwa hapo?

Harusi utaijua kwa turubai. Njia inafungwa, sufuria kubwa zinapangwa nje, na wanawake wa mtaa wanaanza kumenya thomu tangu siku iliyotangulia. Mara nyingi mgeni hualikwa kwa kupita tu. Akikwambia "karibu" mara ya pili, amekusudia. Nenda, kula, toa chochote cha kumtunza bibi harusi, au usitoe.

Msiba ni jambo jingine na ningependa ulijue kabla. Zima muziki, hata wa chini. Wanaume huwahi msikitini na makaburini, mara nyingi maziko huwa siku ile ile. Wanawake hukaa ndani na wafiwa. Kama mmeshawahi kusalimiana na ile familia, nenda hata dakika kumi: mwanaume akae barazani na wenzake, mwanamke ajifunike aingie ndani, aseme pole, akae. Huhitaji kujua la kusema. Ubani, yaani mchango wa msiba, utoe kwa kadiri yako. Alipofariki baba, tulikuwa na mgeni kutoka Tanga ghorofani, mtu tuliyemjua siku nne. Alikuja chini, akachukua ndoo, akawa anateka maji ya wageni kutwa nzima bila kuambiwa. Hatukuzungumza naye maneno ishirini. Mama yangu mpaka leo humwombea dua.

Jirani ametuletea sahani ya chakula. Tufanye nini?

Kuleni, ni chenu. Sahani osheni, na isirudi tupu: tieni embe mbili, au vipande vya mkate, au sukari kidogo, au mlichopika wenyewe. Mtoto ndiye wa kuirudisha. Wageni wengi wametuambia kwamba hapo ndipo walipoanza kujua majina ya majirani, na watoto wao wakapata wenzao wa kucheza nao.

Joto, mvua na mbu?

Disemba hadi Machi ni kaskazi, joto kali. Masika hushika Machi mpaka Mei, mvua nzito, nguo hazikauki, njia yetu hujaa maji mpaka kifundoni. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, ndio wakati mzuri kuliko yote wa kukaa huku; usiku utataka shuka. Vyandarua viko kwenye vitanda vyote. Chomekea pembe zake chini ya godoro jioni, si usiku, mbu wakishaingia ndani chandarua kinawafungia pamoja nawe.

Taka tunaweka wapi?

Ndoo mbili uani. Maganda, vifuu na mabaki ya chakula kwenye ya kijani, mama huyatumia. Mengine yote kwenye nyeusi. Miiba na matumbo ya samaki yafungwe kwenye gazeti yatoke siku hiyo hiyo, la sivyo paka wote wa Kikwajuni watakuwa ngazini kwako.

Tukitaka kwenda pwani bila kukodi gari?

Gari za shamba, yaani daladala za kwenda vijijini, ziko Kijangwani. Ya Nungwi ni 116, ya Jambiani ni 309. Ni za bei ndogo na zinabeba kila kitu, kuanzia mchele hadi magodoro. Ondoka asubuhi, urudi kabla jua halijazama, kwa sababu jioni zinapungua.

Siku ya kuondoka, ufunguo tumwachie nani?

Mama yangu. Boti yako ikiwa ya saa moja asubuhi usiogope kumwamsha, tangu alfajiri yuko macho, anachambua mchele ukumbini, mlango umeegeshwa. Kabla hujashuka, pita kwenye mifereji mitano, funga mtungi wa gesi, jaza pipa la bafuni. Kisha gonga. Atakuuliza kama umekunywa chai. Ukisema bado, itabidi ukae, kwa hiyo jipe nusu saa zaidi kabla ya kwenda bandarini.